Miguu tuliichunga, masikio tukayasahau

Binti yangu hakutambaa. Alisota. Mguu mmoja kaukunja, mwingine anaupigia kasia, na kwa mtindo huo akaizunguka nyumba nzima hadi uani. Mtoto wa jirani, waliyepishana naye siku nne kuzaliwa, alikuwa anasimama dede na miezi 9. Maneno yakaanza. Mama mkwe akaleta kigari cha kutembelea kutoka Kariakoo. Jirani akashauri tumpeleke ufukweni tumfukie mchanga hadi kiunoni, miguu ipate nguvu. Alipofika miezi 15 akaachia kochi, akatembea.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa tulihangaika bure. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vya watoto wa nchi tano ikiwemo Ghana, vinaonyesha mtoto mwenye afya anaweza kutembea mwenyewe na miezi 8, au akangoja hadi karibu 18. Wapo hata wasiotambaa kabisa. (Wako akiwa njiti, hesabu miezi kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.) Na kigari hakimfundishi mtoto kutembea, kinamwahisha tu kwenye jiko la mkaa. Kanada walivipiga marufuku mwaka 2004. Chetu kiliishia kuanikia nepi.

Basi wa pili, wa kiume, alipotembea na miezi 10, nilitamba mtaa mzima.

Aliyenizindua ni muuza koni. Kila jioni anapita kwetu Mbagala na baiskeli yake, muziki ule ule. Dada mtu akiusikia tangu kona ya mbali, anaruka. Mdogo wake anabaki na kijiko chake mchangani mpaka amwone dada anakimbia, ndipo naye anafuata. Niliona hivyo wiki nzima nikawa nacheka tu. Siku moja dada kalala. Muziki ukaja, ukapita mlangoni kwetu, ukaishilia kona ya pili. Hakuinua kichwa.

Alikuwa na mwaka na miezi minne, na hata neno moja hana. "Wavulana huchelewa kusema," ndiyo dawa niliyopewa na kila mtu, na mimi nikaimeza kwa sababu ilikuwa tamu. Masikio yake yalishatoa usaha mara tatu, tukatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, yakakauka, yakatutoka akilini. Mafuta yale, na maziwa ya mama wanayokamulia wengine, usitie. Sikio linalotoa usaha ni la kupeleka hospitali.

Daktari wa masikio alikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Mtoto alikuwa anatusikia kama mtu aliyezama kwenye pipa. Matibabu yalichukua miezi, maneno yakafuata polepole.

Kwa hiyo mimi sasa, mtoto wa mtu akitembea mapema napiga makofi, kisha naangalia mengine. Na miezi 4, anageukia sauti yako? Na 9, ukimwita jina anakutazama? Akikaribia mwaka na nusu, anakunyooshea kidole ili nawe umwone paka aliyemwona yeye? Ana maneno matatu manne zaidi ya mama na baba? Na miaka 2, anaunga mawili, "taka maji"? Akichelewa moja haina maana ni mgonjwa, lakini inatosha kwenda kuuliza. Ila mtoto aliyekuwa anasema neno akaacha, huyo usimngojee.

Kumjaribu nyumbani, usigonge sufuria sakafuni, mtikisiko ataupata kwa makalio. Simama nyuma yake, kivuli chako asikione, mwite kwa sauti ya kawaida.

Tatizo jingine ni kwamba baada ya chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 wengi wetu hatuonekani kliniki hadi ile ya miezi 18, na maneno yanatakiwa kuja hapo katikati. Tena ukienda, foleni ni ndefu. Wangu alipimwa uzito, kadi ikajazwa, "anaendelea vizuri mama", mwingine akaitwa. Sikuulizwa, nami sikusema. Niliporudi mara ya pili nilisema kabla hajawekwa kwenye mzani: "Nikimwita kwa nyuma hageuki, na masikio yametoa usaha mara tatu." Karatasi ya rufaa iliandikwa palepale.