Sakura ndani ya Sekunde 15: Maswali na Majibu

Wasomaji wanaofuatilia muziki wa Kijapani wameniuliza kuhusu nyimbo za pop zinazosifu machipuo, ambazo Wajapani wengi walizisikia kwanza katika matangazo ya biashara ya televisheni. Nimechagua maswali matano. Nitasema "machipuo" na sitasema "masika", kwa sababu masika kwetu ni mvua, matope na barabara zilizokatika, ilhali kwa Wajapani majira hayo, tangu Machi hadi Mei, ni jua la upole na maua, hasa sakura, yaani maua ya mti wa cheri.

Nimetafsiriwa nyimbo tatu za sakura na zote ni za kuagana. Mfanyabiashara anapataje faida kwa kumliza mteja wake? (Msomaji, Arusha)

Anayeliza ni kalenda. Mwaka 1886 serikali ya Japani iliuhamishia mwanzo wa mwaka wake wa fedha kwenye mwezi Aprili, na shule zikaufuata hatua kwa hatua. Kwa hiyo mahafali hufanyika Machi, na wiki chache baadaye mtoto anaingia shule mpya, kijana aliyepata ajira anavaa suti yake ya kwanza, na mfanyakazi aliyepewa uhamisho anafunga mizigo kwenda mji asioujua. Katikati ya kufunga na kufungua huko ndipo sakura inapochanua Tokyo, na wiki mbili hazipiti kabla maua hayajaanza kupukutika. Mtunzi anayetaja ua linaloanguka hana haja ya kutaja neno la kwaheri. Msikilizaji amekwisha kuona uwanja wa shule, vyeti mikononi, na pengine mvulana anayekata kifungo cha pili cha koti lake la sare ili ampe msichana anayempenda, kwa kuwa kifungo hicho ndicho kinachokaa karibu na moyo.

Sasa mtazame mtu huyohuyo kwa jicho la muuzaji. Anahama, kwa hiyo anahitaji kitanda, jokofu, jiko la kupikia wali, viatu vya kazini na simu mpya. Maduka ya Japani huuita msimu huo wa mauzo *shinseikatsu*, yaani maisha mapya. Tangazo linamkuta mahali ambapo macho yake yamelowa na pochi yake imefunguka kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wimbo wa huzuni hauharibu biashara hata kidogo.

Desturi hii ilianzaje, na kwa nini nyimbo nyingi za zamani ni za kampuni za vipodozi? (Msomaji, Mombasa)

Redio za kibiashara zilianza kurusha vipindi Japani Septemba 1951, na mwaka huohuo ukatoka wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa tangazo nchini humo, "Boku wa Amachua Kameraman", uliotungwa na Miki Torirō kwa ajili ya Konishiroku, kampuni ya vifaa vya kupigia picha. Wimbo huo unamcheka mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha na ambaye picha zake zote zinatoka na ukungu, lakini jina la kampuni halitajwi popote. Tafadhali liweke jambo hilo akilini, kwa sababu wimbo usiomtaja mwenye mali unaweza kuimbwa popote.

Kampuni mbili za vipodozi ziliitumia mbinu hiyo kwa ukamilifu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Upande mmoja ilikuwa Shiseido, iliyoanza mwaka 1872 kama duka la dawa mtaani Ginza, Tokyo. Upande wa pili Kanebo, ambayo asili yake ni kiwanda cha kusokota pamba. Kila msimu kila moja ilileta rangi mpya, msemo mpya na wimbo mpya, na msemo wa tangazo mara nyingi ndio uliokuwa jina la wimbo, hivyo kwamba kila redio ilipoupiga ilikuwa inatangaza bila kulipwa. Machipuo ya 1977 Shiseido ilikuwa na "My Pure Lady" wa Ozaki Ami. Machipuo ya 1979 Kanebo ilitoka na "Kimi wa Bara yori Utsukushii", yaani "Wewe Ni Mzuri Kuliko Waridi", ulioimbwa na Fuse Akira, huku katika tangazo akionekana Olivia Hussey, mwigizaji aliyepata sifa duniani mwaka 1968 kwa kuigiza Juliet katika filamu ya "Romeo and Juliet". Mwaka uliofuata mwimbaji na mwigizaji wakaoana, jambo ambalo hakuna idara ya masoko ingethubutu kulipanga.

Shiseido ikajibu mwaka 1980 kwa "Fushigi na Peach Pie" wa Takeuchi Mariya, na mwaka 1981 Kanebo ikaja na "Haru Saki Kobeni" wa Yano Akiko, jina linalodokeza wekundu wa mdomo unaochanua pamoja na machipuo. Maneno yake yaliandikwa na Itoi Shigesato, mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kubuni misemo ya matangazo, na hapo mpaka kati ya ushairi na biashara ukatoweka kabisa. Mwaka 1982 Shiseido iliwaunganisha Imawano Kiyoshirō na Sakamoto Ryūichi katika "Ikenai Rouge Magic", wanaume wawili waliojipodoa ili kuuza rangi za midomo kwa wanawake, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza. Mimi katika hizo zote nauchagua wa Yano: sauti yake inarukaruka kama mtoto aliyefunguliwa mlango baada ya mvua ya siku tatu.

Je, hutangulia wimbo au tangazo? (Msomaji, Tanga)

Yote mawili hutokea. Ninalotaka ulitambue ni urefu: tangazo la kawaida la televisheni ya Japani ni la sekunde 15. Ndani ya muda huo hapana nafasi ya ubeti wa kwanza kujenga kisa, kwa hiyo kinachosikika ni kiitikio peke yake, sehemu ambayo wanamuziki wa huko huiita *sabi*, na nyimbo nyingi zikatungwa kiitikio kikiwa mwanzoni kabisa. Tena wimbo hutolewa mapema, aghalabu Februari, wakati msikilizaji bado amevaa koti zito, ilhali sakura ya Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi na ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye baridi, hungoja karibu na Mei.

Nimesoma kwamba "SAKURA" wa kundi la Ikimono-gakari ulitangaza telegramu. Mwaka 2006 nani alikuwa bado anatuma telegramu? (Msomaji, Bujumbura)

Wajapani walikuwa wanatuma, na wangali wanatuma. Wimbo huo, ambao ndio uliolitambulisha kundi hilo kwa taifa zima mwezi Machi 2006, ulitumiwa na kampuni ya simu ya NTT Mashariki kutangaza huduma ya telegramu inayopatikana kwa kupiga namba 115. Telegramu ya huko ni kadi ya heshima, mara nyingine yenye mapambo ya maua, inayopelekwa harusini, msibani au kwenye mahafali ambayo mtumaji hawezi kuhudhuria. Kuna na sababu ya ndani zaidi: zamani mtahiniwa aliyeishi mbali na chuo kikuu alipata matokeo yake kwa telegramu, na maneno "sakura saku", sakura imechanua, yalimaanisha kwamba amefaulu, ilhali "sakura chiru", sakura imepukutika, hayakuhitaji kufafanuliwa.

Basi kila wimbo wa machipuo umetoka tangazoni? (Msomaji, Unguja)

La. "Haru yo, Koi" wa Matsutōya Yumi, wa mwaka 1994, ulikuwa wa tamthilia ya NHK, shirika linaloendeshwa kwa ada za watazamaji na lisilorusha matangazo ya biashara. "Sangatsu Kokonoka" wa kundi la Remioromen, wa mwaka 2004, ulitungwa kwa ajili ya harusi ya marafiki iliyofanyika tarehe 9 Machi, na leo watoto huuimba kwenye mahafali. Kuna na kinyume chake: shirika la reli la JR Tōkai limekuwa likiwaalika watu kwenye mji wa kale wa Kyoto tangu 1993 kwa matangazo yenye sauti ya "My Favorite Things", wimbo wa mchezo wa jukwaani wa Marekani wa mwaka 1959 ambao ndani yake hamna Kyoto wala sakura. Mjapani akiusikia huona hekalu, mto na matawi yaliyofunikwa kwa maua ya rangi ya waridi hafifu.