Nina shahada, nauza misumari. Niitaje kazi hii?

SWALI: Shikamoo mama. Nina shahada ya ununuzi na ugavi. Nimetuma maombi ya kazi hadi nimechoka, sasa namsaidia mjomba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, Buguruni. Napima misumari, napanga saruji. Wenzangu wananitania. Kwenye wasifu wangu niitaje kazi hii au niiache?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Itaje, tena iweke juu ya shahada. Hao wanaokutania waache, nusu yao wako nyumbani.

Mimi nimesimamia manunuzi ofisini miaka mingi, na nilianzia kaunta ya duka kama hilo, Morogoro. Tajiri wangu hakuamini lebo. Nondo ikishuka kwenye lori, anachomoa mmoja anaupandisha mizani. Wa milimita 12, urefu wa mita 12, unatakiwa uwe na kilo 10 na nusu hivi. Ukija na tisa, umepunjwa, hata ung'ae vipi. Baadaye mzigo wa nondo ukaletwa ofisini kwetu. Wenzangu, wasomi kunizidi, wakahesabu vipande, wakashika kalamu wasaini. Nikaomba mizani. Lori liliondoka na mzigo wake.

Halafu kuna cha juu. Bila shaka fundi ameshakwambia, "Mdogo wangu, kila mfuko niongezee elfu mbili kwenye risiti, mwenye nyumba hayupo." Huyo ni mteja wa kila wiki, ukimgombeza anahamia duka la jirani. Mimi nilikuwa namjibu kwa kicheko: punguzo nitakupa, risiti siigusi. Wengi walirudi. Maofisini anayeomba hivyo amevaa suti, na haombi elfu mbili, anataja asilimia. Aliyekwisha kuzoea kumkatalia fundi hatetemeki.

Sasa wasifu. Usiandike "nilisaidia dukani". Andika mnapokea mifuko mingapi kwa mwezi, stoo unaihesabu kila lini, saruji ya zamani unaitoaje kabla haijaganda, madeni ya mafundi unayafuatiliaje. Kama hujui takwimu hizo, fungua daftari leo, kwa sababu kwenye usaili watakubana hapo hapo.

Kwenye wadhamini, mjomba peke yake hatoshi, barua ya mjomba watu huisoma wakitabasamu. Mwombe na yule msambazaji anayewaletea saruji.