Kabla hamjatafuta wakili wa kuishtaki kampuni ya chanjo, someni hapa

Mleta uzi, umesema mdogo wako kachomwa chanjo ya mafua kwenye vipimo vya green card huku Marekani, sasa mkono haunyanyuki, na mnataka kuishtaki kampuni iliyoitengeneza. Njia hiyo niliifuata miezi saba nikarudi mikono mitupu.

Yangu yalikuwa hayo hayo. Daktari wa uhamiaji hasaini fomu mpaka chanjo zinazotakiwa zitimie, na ukienda kati ya Oktoba na Machi, ya mafua imo. Dada aliyenichoma alisimama, mimi nimekaa, shati sikuvua, nilivuta kola tu. Sindano ikaingia juu mno, karibu na mfupa. Usiku ule sikulalia upande wa kushoto, wala mwezi uliofuata. Na kazi yangu ni kutunza wazee, kuwanyanyua kitandani. Fikiria.

Mawakili watatu, wale wa mabango ya barabarani, walinisikiliza dakika mbili mbili. Wa nne ndiye aliyenifungua macho: tangu sheria ya 1986, huruhusiwi kuanza na mtengenezaji wala aliyekuchoma. Unaanza na mfuko wa fidia. Miaka ile kesi za chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ziliziandama kampuni hadi baadhi zikaacha kutengeneza, Bunge lao likahofia watoto watakosa chanjo. Ikawekwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi: mafua senti 75, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela dola 2.25. Kodi hiyo ndiyo inayowalipa walioumia. Yaani serikali inakulazimisha uchomwe, inamkinga aliyetengeneza, halafu fidia inatoka kwenye bei ya chanjo za watu wote. Mimi hilo linanikera hadi leo, ila ndiyo sheria.

Kwenye karatasi mdaiwa ni Waziri wa Afya, na kesi inasikilizwa na mahakama ya Washington inayoshughulikia madai dhidi ya serikali. Uzembe wa mtu huhitaji kuuthibitisha. Kwa jeraha la bega, wao huliita SIRVA, uonyeshe maumivu yalianza ndani ya saa 48, yamebaki begani humo humo, yamepita miezi sita, na bega halikuwa na shida kabla. Mimi kilichoniokoa ni mstari mmoja. Siku ya tisa nilikwenda kliniki, nesi akaandika kwamba maumivu yalianza jioni ya siku ya chanjo. Wanaume wenzangu wa "itapoa tu" wanapotea hapo.

Uraia hauulizwi. Wakili analipwa na mfuko, hata mkishindwa, ilimradi dai lilikuwa la kweli na lina msingi, kwa hiyo anayedai hela mkononi mkimbieni. Mwisho wa kufungua ni miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, matibabu na mishahara iliyopotea vinahesabiwa mbali. Yangu ilichukua karibu miaka mitatu. Kiasi sikitaji, wajomba wataanza kupiga simu.

Ukikataa walichokupa unaweza kwenda mahakama za kawaida, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya Wyeth, ilifunga madai ya kwamba chanjo ilibuniwa vibaya. Dozi iliyoharibika kiwandani, sawa, jaribuni. Lakini bega la mdogo wako halina kesi hiyo. Dawa ilikuwa nzima, sindano ndiyo iliyokosea njia.

Mtego ni UVIKO. Chanjo yake ilidaiwa kwenye green card kuanzia Oktoba 2021 hadi Januari 2025, na iko chini ya mfuko mwingine, wa sheria ya 2005: mwaka mmoja tu tangu kuchomwa, wakili halipwi, maumivu hayafidiwi, mahakamani huendi. Muulize mdogo wako alichomwa ngapi siku ile, na ya mafua iliingia mkono upi. Kama hakumbuki, kesho asubuhi aombe nakala ya rekodi yake ya chanjo, huwa wanaandika.