Fizi za mama kufunika meno, dawa ya presha
Pole kwa mama yako, ndugu yangu; umeuliza kama dawa yake ya presha ndiyo inayofanya fizi zake zifunike meno. Fizi kuota hadi kufunika meno hutokea kwa baadhi ya wanaotumia dawa za presha ziitwazo amlodipini, na zaidi nifedipini. Nakuomba sana, asiache dawa mwenyewe: presha ikipanda inaweza kuleta kiharusi. Arudi kwa daktari wake, amwonyeshe kinywa, aulize kama anaweza kuhamia losartani, dawa ya presha ya aina nyingine.

Asafishwe ukoga kwa daktari wa meno pia, maana ukoga huzidisha uvimbe. Nyumbani apige mswaki laini asubuhi na usiku hata fizi zikitoka damu. Wengi huogopa damu, wakaacha, na hali ikazidi. Dawa ikibadilishwa, fizi hunywea polepole, pengine miezi. Zikibaki nene, daktari wa meno huzikata kidogo baada ya kumchoma ganzi.