Kovu Ambalo Mama Mkwe Halioni

Msomaji wetu wa Tanga ametuandikia barua ndefu, ambayo kwa ufupi inasema hivi. Ameolewa miaka minne sasa, ana watoto wawili, na mama mkwe wake alishuka kutoka Lushoto kuja kumsaidia baada ya uzazi wa pili. Miezi mitano imepita na bado hajaondoka. Kabla ya harusi, jirani mmoja alimdokeza kwamba mama huyo alitamani mwanawe aoe msomi, kwa kuwa mawifi wote wawili ni walimu, naye msomaji wetu aliishia kidato cha pili. Tangu hapo anaona dharau kila pembe: mama huuchambua upya mchele ambao yeye amekwisha kuuchambua, huzungumza Kisambaa na mwanawe wakacheka, na juzi alimwambia mbele ya mgeni, “Umekonda, mwanangu, hebu kula.” Isitoshe, wifi mkubwa alimkopa shilingi 150,000 mwezi Machi na hajazirudisha. Yote haya ameyaandika katika daftari pamoja na tarehe zake, na anauliza amwambieje mumewe ili mama arudi kwao kabla yeye hajachanganyikiwa.

Binti yangu, pole. Kulea mtoto mchanga huku ukijiona unapimwa ndani ya nyumba yako mwenyewe ni mzigo, na sina shaka kwamba unaumia. Lakini kuumia kwako hakuthibitishi kwamba aliyekuumiza ni huyo unayemtaja. Nimeisoma barua yako kwa makini, nikamwona ndani yake mwanamke tofauti kabisa na yule unayetaka nimhukumu.

Umeandika, kwa kupitia tu, kwamba mtoto akilia usiku mama humchukua na kumbembeleza sebuleni, “na hata hilo hulifanya kana kwamba mimi siwezi.” Umeandika kwamba ukiamka unakuta chai imekwisha kutiwa kwenye chupa. Umeandika kwamba alipokuja alishuka na gunia la viazi na kapu la mapeasi, “kama vile kwetu kuna njaa.” Mama mtu mzima amebeba gunia kutoka milimani hadi pwani kwa ajili ya wajukuu zake, nawe umelihesabu kuwa tusi. Naamini kabisa kwamba viazi, chai na usiku ule wa kubembeleza havimo katika daftari lako.

Kosa hili si lako peke yako, kwa sababu ndivyo ubongo wa binadamu unavyofanya kazi. Macho hupokea mengi kuliko yale ambayo ubongo unaweza kuyashughulikia kwa wakati mmoja, kwa hiyo huchagua, na aghalabu huchagua kile ambacho mwenyewe ameuagiza ukitafute. Mwaka 2013, nchini Marekani, Trafton Drew na wenzake waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za mapafu ili watafute vinundu vinavyoweza kuwa saratani, na katika baadhi ya picha hizo wakapachika umbo la gorila, kubwa mara nyingi kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona, na mashine ya kufuatilia mwendo wa macho ilionyesha kwamba wengi wao walitazama pale pale alipokuwa. Ikiwa wataalamu hao walimkosa gorila kwa kuwa walikuwa wakitafuta vinundu, wewe unayetafuta dharau tangu asubuhi utaionaje chupa ya chai?

Linalokuhusu zaidi, hata hivyo, ni jaribio walilolifanya Robert Kleck na Angelo Strenta, pia nchini Marekani, likachapishwa mwaka 1980. Washiriki walichorwa kovu usoni kwa vipodozi, wakaonyeshwa kioo walione, kisha wakaambiwa kwamba litapakwa mafuta kidogo ili lisipasuke. Ukweli ni kwamba katika kupakwa huko kovu lilifutwa lote bila wao kujua. Wakaingia kuzungumza na mtu mwingine wakiwa na nyuso safi, na walipotoka walieleza jinsi mtu huyo alivyokosa utulivu mbele yao na alivyowasemesha kama watu wa kuhurumiwa. Walikuwa wakisema kweli kuhusu walichokihisi, ila kovu halikuwapo.

Kidato cha pili ndicho kovu lako, binti yangu. Jirani ndiye aliyekuchora, ukajitazama, ukaamini kwamba kila anayekutazama analiona. Mimi nimelitafuta ndani ya barua yako neno moja tu la mama mkwe kuhusu shule, nikalikosa. Kwa miezi mitano ya kuishi nawe, hakuna siku uliyonukuu kutoka kinywani mwake habari ya vyeti au ya madarasa. Kauli yote ya usomi ni ya jirani, na wewe hukumuuliza aliisikia wapi wala kwa nini aliona vema kukuletea habari hiyo karibu na harusi yako. Jirani huyo mimi simwamini.

Kuhusu Kisambaa, mama na mwanawe wana haki ya kucheka kwa lugha yao, na miaka minne ya ndoa ilitosha kukupa walau salamu na maneno ya jikoni. Kuhusu “umekonda,” mzazi anayemwambia mke anayenyonyesha kwamba amekonda na ale anamjali. Akikosea, amekosea kusema mbele ya mgeni, basi. Na mchele? Wanawake wa umri wake wengi hawajui kukaa mikono mitupu, na ungo ukiwa karibu watauchukua. Yawezekana kweli anatilia shaka uchambuzi wako. Hata hivyo, kuogopa jiwe ndani ya wali si kukudharau.

Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Mimi nimeona pia kinyume chake: mtu akichukia, kengeza dogo huliita upofu. Ndoa nyingi za siku hizi huanza na chuki iliyoandaliwa mapema, kwa maana mwali akifundwa huambiwa ajihadhari na mama mkwe na mawifi kabla hajala nao hata sahani moja, kisha hupewa simu iliyojaa makundi ya wanawake wanaosimuliana mabaya usiku na mchana, hata anapoingia ukweni amekwisha kujua atakachokiona. Ndani ya ndoa zenyewe hali ni hiyo hiyo. Elizabeth Robinson na Gail Price, katika utafiti wao wa mwaka 1980, waliwalinganisha wanandoa na watazamaji waliokaa nyumbani mwao wakiandika mema waliyotendeana, na wanandoa wasio na furaha hawakutambua takriban nusu ya mema hayo. Wema ulitendeka mbele yao, ukapita.

Kwa hiyo usimwambie mumeo amrudishe mama yake. Daftari usilitupe, bali kwenye ukurasa wa pili wake uandike kila alichokutendea mama, ukiandika tendo bila tafsiri. Andika “amemchukua mtoto saa nane usiku,” uishie hapo, usiongeze “ili nionekane siwezi.” Akisema neno baya, liandike vilevile lilivyotamkwa, kwa sababu sikuombi ujifunge macho; wapo wanawake wanaopigwa huku wakiona mapenzi tu, na hao nao wameuagiza ubongo wao vibaya. Baada ya majuma mawili kaa naye karibu na ungo, umuulize mchele una nini, kwa adabu, na umsikilize mpaka amalize. Kama unataka kujua ataondoka lini, hilo ni swali halali katika nyumba yako, nawe na mumeo mnaweza kumuuliza pamoja.

Kuhusu shilingi 150,000 za wifi, hapo niko upande wako. Deni lina kiasi chake na mwezi wake, halikutokana na jinsi ulivyomtazama mtu. Mpigie simu wewe mwenyewe, bila kumpitia mama yake, umtake akupe tarehe ya kulipa.