Fizi zikitoa damu, usiuweke mswaki chini

Juzi msomaji mmoja wa Chumbageni kaniandikia: "Dada, kila nikipiga mswaki fizi zinatoka damu, nimeuacha upande wa kushoto ili zipone." Nilisoma mara tatu. Ndiye mimi mwenyewe wa miaka minne nyuma.

Nilikuwa na duka la kanga Ngamiani. Asubuhi nafika na chupa ya chai ya tangawizi, sukari vijiko sita, nakunywa funda moja moja mpaka adhuhuri. Alasiri kashata, jioni ubuyu. Nikitema naona uzi mwekundu kwenye karai, basi nikawa nazionea huruma fizi, mswaki naupitisha juu juu. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilimnong'oneza wifi yangu jambo, akageuza uso, akajiziba pua kwa mtandio. Hakusema neno. Mpaka leo nikiona mtandio wa kijani moyo unaniuma.

Baadaye gego la chini likaanza kucheza. Daktari akanishikisha kioo: ukoga mgumu, rangi ya chai, umeng'ang'ania chini ya ufizi kama chaza kwenye mwamba. Gego likang'olewa, mengine yakakwanguliwa.

Alichonifahamisha siku ile sijakisahau. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari vinatoa asidi, na mate yanahitaji nusu saa hata zaidi kuiondoa. Mimi kila robo saa funda! Vijiko vile vile ukivinywa pamoja na mlo, meno yanashambuliwa mara moja. Ukivitandaza toka saa mbili mpaka saa saba, yanashambuliwa asubuhi nzima. Na damu hailetwi na mswaki. Inaletwa na ukoga unaobaki hadi fizi zikavimba, kwa hiyo ukiacha kusugua unauongezea ugonjwa chakula.

Mwezi huu nimepimwa tena. Hakuna hata tone la damu, na nimejivunia kama niliyefaulu mtihani. Ni miaka minne ya asubuhi na usiku, dakika mbili, mswaki laini na dawa yenye floraidi, nikishatema sisukutui. Chai bado nakunywa, ila mara moja, na chapati yangu, kikombe kikaoshwa.

Dada wa Chumbageni, usiku huu huu rudi kushoto. Sugua polepole pale jino linapokutana na ufizi. Damu itatoka siku za mwanzo, usiogope. Zikipita wiki mbili haijakoma, nenda kwa daktari wa meno, na umwambie akupime na sukari ya damu, maana kisukari na fizi huandamana.

Nanyi akina mama wenzangu, nawaona watoto wakitoka madrasa midomo myekundu, mbegu ya ubuyu imekaa shavuni saa nzima. Mpeni baada ya wali, anywe maji, iishe. Usiku mpigisheni mswaki wenyewe, mkono wake bado mdogo. Msiseme ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Yakitoboka yanauma usiku kucha, na mtoto wa miaka mitatu hajui kueleza anapoumwa.