Mavyaa kaenda misheni Zambia, sasa nani atawachukua watoto shuleni?

Shangazi, natumai u mzima. Nina miaka 34, nimeolewa na tuna watoto wawili, mmoja yuko PP1, darasa la chekechea, na mwingine Gredi ya 2. Tunaishi Donholm. Wakwe zangu ni wastaafu. Baba mkwe alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na mavyaa alikuwa muuguzi hapa Nairobi. Walijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile watu huliita la Wamormoni, na tangu hapo hawanywi hata chai.

Mavyaa ndiye aliyekuwa akiwachukua watoto shuleni. Yule mdogo hutoka saa sita na nusu, na mimi nafika nyumbani saa mbili usiku. Likizo zote walikuwa kwake. Januari walituita wakatuambia wameitwa kuhudumu Lusaka, Zambia, kwa miezi 18, tena kwa gharama yao. Hawakutuuliza maoni. Nikasema basi tuhamie kwao Buruburu tuwalindie nyumba. Walikataa, wakampangisha mtu baki, na kodi hiyo ndiyo inayowalisha huko. Waliondoka Machi. Mume wangu naye huwatumia 5,000 kila mwezi.

Nahofia afya yao, baba mkwe ana presha. Nikimpigia mavyaa saa kumi na moja alfajiri kabla sijatoka, hashiki. Wakituma picha, wameshikana mikono kama vijana, na umri wao huo! Naamini wamevurugwa akili na wageni. Wazazi gani hawa wanaowatupa wajukuu waende kuwahudumia watu wasiowajua? Mume wangu ananiambia niwaache. Je, nimwambie asitishe zile 5,000 mpaka warudi?
Mkaza mwana, Donholm

Pole, binti yangu. Kulea watoto wawili huku Barabara ya Jogoo inakushikilia kwenye foleni mpaka usiku si kazi ndogo, na msaada uliouzoea ukiondoka, nyumba huyumba. Pole hiyo naitoa kwa moyo wote, na sasa nitakuambia nilichokisoma.

Nimeitafuta hofu ya afya ndani ya barua yako. Presha ya mzee umeigusa kwa maneno machache. Hukusema ilianza lini, anatumia dawa gani, wala kama amepata kliniki huko aliko. Mtu mwenye hofu na mgonjwa huanza na mgonjwa. Wewe umeanza na saa za shule, ukaenda kwenye nyumba ya Buruburu, ukaishia kwenye pesa. Kinachokuuma ni kwamba umempoteza yaya usiyemlipa, na nyumba uliyokuwa umeshaipigia hesabu imechukuliwa na mpangaji. Hayo ni maumivu ya kweli na sikulaumu kwa kuyasikia. Nakulaumu kwa kuyavika joho la huruma.

Unasema hawakukuuliza maoni. Wakuulize kwa lipi? Safari hii haikuzuka usiku mmoja. Katika kanisa lao mume na mke wanaotaka kwenda misheni hujaza fomu, huhojiwa na askofu wa kata yao, yaani ushirika wao wa mtaani, kisha rais wa kigingi, yaani kiongozi wa kata kadhaa, hupimwa na daktari, ndipo wito hutoka makao makuu ya kanisa kule Salt Lake City, Marekani. Hiyo presha unayoniandikia mimi, daktari ameiona kabla yangu. Tena kuna sharti kwamba wenye watoto wadogo wanaowategemea nyumbani hawaendi. Mumeo ni mtu mzima mwenye mke, watoto na mshahara. Kanisa limewatazama wale wazee likaona kazi yao ya malezi imekwisha, na wewe bado hujakubali.

Halafu kuna hili la kuvurugwa akili na wageni. Kanisa hilo lina usajili hapa Kenya tangu 1991, mwaka ambao wewe ulikuwa hujazaliwa ama ulikuwa mgongoni mwa mama. Mei 2025 waliweka wakfu hekalu lao hapa hapa Nairobi. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka ibada za hekaluni alilazimika kusafiri mbali, na wengi walikwenda hadi Johannesburg. Mimi si muumini wao na sina ugomvi na mafundisho yao. Ila najua jambo moja wanaloliamini ambalo lingekusaidia kuzielewa zile picha: wao husema mume na mke waliounganishwa hekaluni, kifo hakiwatenganishi. Watu wanaotarajia kuwa pamoja hata ng'ambo ya kaburi, unashangaa nini wakishikana mikono Lusaka?

Na chai. Umeitaja kama ushahidi kwamba wameharibikiwa. Lakini watoto wako wamekula kwa mama huyo, wamelala mchana kwenye kitanda chake, wamefuliwa sare na mikono yake, na hakuna siku uliyosema dini yake itawadhuru. Dini imekuwa mbaya alipofunga sanduku. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Pengine unadhani wanazunguka juani mlango kwa mlango kama wale vijana wa shati jeupe na tai unaowaona hapa mjini wakitembea wawili wawili. Hapana. Vijana wa kiume hutumikia miezi 24, wa kike 18, na kazi ya kutembea ni yao. Wanandoa wazee huwekewa mzigo mwepesi. Huchagua muda wao wenyewe, kuanzia miezi 6 hadi 23, hukaa kwenye nyumba yao wawili, na wengi hufanya kazi za ofisini, hukagua vyumba wanamolala vijana, hukaa na viongozi wa matawi machanga wakiwaonyesha njia. Wengine huangalia afya ya wale vijana. Sijui mavyaa wako amepangiwa nini, lakini nadhani unajua muuguzi mstaafu akiwekwa mahali huishia kufanya kazi gani. Kijana wa miaka 19 ameamka na homa, mama yake yuko nchi nyingine, na mlangoni anabisha hodi mama wa Kiafrika aliyefanya kazi wodini maisha yake yote, amebeba kipima joto. Umewaita hao watu wasiowajua. Wagonjwa wote aliowahi kuwahudumia walikuwa watu asiowajua, na mshahara wa kazi hiyo ndio uliomsomesha mumeo.

Sasa nifike pale niliposimama muda mrefu zaidi. Baba mkwe bandarini Mombasa, mavyaa Nairobi. Umeliandika hilo ukapita kama mtu anayetaja anwani. Mimi nimekwama hapo, mwanangu, kwa sababu ndoa za namna hiyo nazijua. Mume hupanda basi la usiku mwisho wa mwezi. Anafika Jumamosi alfajiri na mfuko wa samaki na maembe, analala kidogo, anatazama ripoti za shule, anakaza bomba linalovuja, anawatandika waliofanya utundu uliotunzwa wiki nne ukimsubiri. Jumapili jioni yuko kituoni tena. Mke anabaki na zamu za usiku, homa za watoto, ada, mwenye nyumba na majirani. Watoto wanamjua baba kwa mfuko. Wenyewe wawili wanafahamiana kwa barua, baadaye kwa simu, na mazungumzo ni ada, simiti na mabati. Hakuna anayeuliza mwenzake ameota nini usiku.

Mzee akastaafu akarudi nyumbani akidhani sasa atakaa na mkewe. Akamkuta mkewe ana miadi ya saa sita na nusu kwenye lango la shule, kila siku, na baada ya hapo ni uji, kuosha miguu, kazi ya ziada ya Gredi ya 2, na kusubiri taa za gari lako mpaka saa mbili. Likizo ya Agosti, watoto wako. Desemba, watoto wako. Huyu mzee alimsubiri mkewe ujana wote, na uzeeni akaambiwa aendelee kusubiri kwa ajili ya ratiba ya mkaza mwana.

Huenda miezi hii 18 ndiyo mirefu zaidi waliyowahi kulala na kuamka chini ya paa moja, wakifanya kazi moja, wakila meza moja, bila mtu wa kuwaita pembeni. Unaona picha za aibu. Mimi naona watu wawili wanaoanza ndoa yao. Na mumeo, aliyekulia katika nyumba ile akimwona baba kwa mwezi mara moja, anakuambia uwaache kwa sababu anajua anachokiona kwenye zile picha. Msikilize. Katika barua yote hii yeye ndiye aliyesema neno la busara, na umemtaja kwa sentensi fupi.

Niseme na wengine wanaosoma hapa, maana mkaza mwana wa Donholm hayuko peke yake. Ndoa za mjini siku hizi zinafungwa na watu wawili na kuendeshwa na watatu, na wa tatu ni nyanya asiyelipwa. Tunajenga bajeti juu ya mgongo wake. Tunachukua mkopo wa gari tukijua hatutalipa yaya, tunazaa wa pili tukijua nyanya yupo. Hatumuulizi kama magoti yanamuuma. Akisema amechoka tunasema hawapendi wajukuu. Akifa ndipo tunaandika kwenye kijitabu cha mazishi kwamba alikuwa mtu wa kujitolea, na picha yake bora iko kwenye jalada. Katiba ya nchi hii, Ibara ya 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kufuatilia maendeleo yao binafsi, na inasema pia wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Soma vizuri nani anamtunza nani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nguvu za mkwe ni cha nduguye vilevile. Nyanya akijitolea kulea, mshukuru kila siku. Akisema sasa nina pa kwenda, mfungie mizigo.

Tuje kwako. Walikuambia Januari wakaondoka Machi. Hiyo ni miezi miwili, na ulikuwa muda wa kutosha kutafuta mtu. Uliutumia kuisubiri nyumba ya Buruburu. Basi kaeni chini na mumeo wiki hii, si kwa ugomvi. Watoto ni wa wote wawili, na katika barua yako sikuona hata siku moja ambayo yeye amekwenda langoni. Ana siku za kutoka mapema? Anaweza kuongea na bosi wake? Kama hawezi, mtafuteni yaya wa kulipwa mshahara wa haki, au mzazi mwenzenu wa mtaani anayelea watoto mchana na mnayemfahamu. Kitatoka kwenye mifuko yenu, na kitauma. Ndicho kiasi ambacho mavyaa amekuwa akikupa miaka yote hiyo bila kukuonyesha risiti.

Usimpigie tena saa kumi na moja alfajiri. Lusaka iko nyuma yetu kwa saa moja. Unamwamsha mama mzee saa kumi, gizani, kisha unanilalamikia hashiki simu. Piga jioni, watoto wakiwa wameoga, waanze wao kuongea. Wamishonari wazee hawana masharti makali ya simu, na kukiwa na jambo zito nyumbani wanaweza kuomba ruhusa ya kuja na kurudi kwa nauli yao. Hawakuhama dunia. Na kama presha ya baba mkwe inakusumbua kwelikweli, muulize mavyaa anapimwa wapi na dawa zinapatikana kwa bei gani. Hilo ndilo swali la mtoto wa nyumba. Habari za yaya na shule usizitie humo, ataisikia sauti yako ikibadilika na usingizi utamruka.

Zile 5,000 usiziguse. Kuzikata ni kumrudisha mzee mgonjwa nyumbani kwa njaa ili mkewe apate kukulelea watoto, na hilo ungelisema mbele ya wazazi wako wakakufukuza. Zitumwe tarehe ile ile zinazotumwa siku zote. Mwezi huu mwombe mumeo azipitishe kwako, uzitume wewe kwa jina lako.